Wasomaji Wanauliza: Sanduku la Barua na Mkoba wa Baba

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu. Mwanangu wa pili anaishi Texas, Marekani, na amemwoa binti wa huko, wa mji mdogo ambao wazee wake walihamia kutoka Ujerumani miaka ya 1840. Mwaka jana bibi yake mkamwana wangu alifariki, akaacha sanduku la barua zenye mwandiko wa Kijerumani usiosomeka na mtu yeyote katika ukoo, Biblia yenye majina ya watoto, na picha nyingi zisizo na majina. Ndugu zake wanataka kila kitu kipigwe picha kwa simu, kisha karatasi zitupwe. Mkamwana ameniomba shauri mimi, kwa sababu alipokuja kututembelea aliuona mkoba wa marehemu baba yangu, wenye karatasi za tangu alipokuwa akifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Muheza. Niliona haya, maana hata mimi sijui karatasi zile zinasema nini, na baba hakupenda kabisa kuulizwa habari za ujana wake. Tuanzie wapi, yeye kule na mimi huku?
Mwalimu mstaafu, Chumbageni, Tanga

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Barua yako nimeirudia zaidi ya mara moja, na ninaomba jambo moja ulifikishe Texas leo, hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili: karatasi zisitupwe. Picha ya simu huonyesha maandishi, lakini haionyeshi alama ya muhuri iliyobonyea kwenye karatasi, wala penseli iliyofifia nyuma ya picha, wala namna barua zilivyokunjwa na kufungwa pamoja kwa uzi, ilhali mara nyingi fungu hilo ndilo linalotuambia nani alimjibu nani. Zipigwe picha, naam, kisha zirudishwe sandukuni kwa mpangilio ule ule zilizokutwa nao.

Baada ya hapo sanduku lisubiri, wazee walio hai watangulie. Mkamwana wako akae na shangazi na wajomba waliosalia, picha zile zikiwa mezani, aulize huyu ni nani, nyumba hii ilikuwa wapi, harusi hii ilikuwa ya nani. Mtu aliyeshika picha mkononi hukumbuka mengi ambayo asingeyakumbuka akiulizwa kavukavu, na majina yakipatikana yaandikwe nyuma ya picha siku hiyo hiyo, kwa penseli laini.

Sasa nirudi kwenye maneno yako kwamba baba hakupenda kuulizwa. Ninataka kukaa hapo kwa muda, kwa sababu ninaamini kwamba historia ya familia zote mbili, yenu na ya wakweze mwanao, imejificha zaidi katika yale yaliyonyamaziwa kuliko katika yale yaliyosimuliwa kila sikukuu.

Wajerumani waliofika Texas ya kati katika miaka ile, walioanzisha New Braunfels mwaka 1845 na Fredericksburg mwaka 1846, waliendelea kusema Kijerumani nyumbani, kanisani na magazetini mwao kwa vizazi kadhaa, wakiwa raia wa Marekani kama wengine. Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwezi wa Aprili 1917, lugha yao iligeuka kuwa sababu ya kushukiwa na majirani, na hali ilikuwa hivyo katika majimbo mengi. Mei 1918 gavana wa Iowa, William Harding, alitoa tangazo la kupiga marufuku lugha yoyote isiyokuwa Kiingereza shuleni, kanisani, hadharani, hata kwenye simu. Mwezi mmoja kabla ya hapo, huko Collinsville katika jimbo la Illinois, kundi la watu lilimkamata mhamiaji Mjerumani aliyeitwa Robert Prager na kumnyonga. Jimbo la Nebraska nalo lilitunga sheria mwaka 1919 ya kuzuia watoto wadogo wasifundishwe lugha za kigeni, na mwalimu mwenzako, Robert Meyer, alishtakiwa na kutozwa faini kwa kumsomesha mtoto wa miaka 10 hadithi za Biblia kwa Kijerumani, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitengua hukumu hiyo mwaka 1923. Wewe uliyeshika chaki miaka yote hiyo utaelewa kuliko mimi maana ya mtoto kufundishwa kwamba maneno ya mama yake ni kosa.

Haki ilipopatikana mahakamani, majumbani uamuzi ulikuwa umekwisha kupita. Wazazi wengi walianza kusema Kiingereza na watoto wao, na kina Schmidt wengine wakawa Smith, kina Müller wakawa Miller. Kwa hiyo mkamwana wako akiwaambia wazee wake, “Nisimulieni historia yetu,” huenda akapewa habari za keki na nyimbo za Krismasi. Aulize badala yake maswali madogo: ni lini tuliacha kusali kwa Kijerumani, nani aliamua, nani alikataa, jina letu liliandikwaje kwenye kaburi la babu na linaandikwaje leo. Mzee akinyamaza, asimwingilie wala asimwokoe kwa swali jingine. Anyamaze naye kidogo. Na akiambiwa, “Hili usiliandike,” asiliandike. Anaweza tu kuomba ruhusa ya kulihifadhi katika bahasha iliyofungwa, ifunguliwe baada ya muda ambao mzee mwenyewe atautaja.

Ya baba yako, Mwalimu, nayatazama kwa jicho hilo hilo. Kama alikuja Muheza kwa mkataba kutoka bara, basi alikuwa miongoni mwa watu walioitwa manamba, jina linalotokana na namba, ambalo wengi wao hawakupenda wana wao walisikie. Katika mkoba huo tafuta kipande, yaani kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi iliyokamilika. Tafuta pia karatasi yoyote ya Silabu, chombo cha kuandikisha wafanyakazi kilichoundwa na wenye mashamba mwaka 1944, kwa kuwa karatasi ya namna hiyo inaweza kukupa wilaya aliyotoka, mwaka alioandikishwa, na pengine jina alilotumia kabla ya lile unalolijua. Baba hayupo, lakini watoto wa wenzake aliokaa nao kambini huenda wapo, na baadhi yao bila shaka walisikia upande wa habari ambao nyinyi hamkuusikia. Waulize kwanza habari za kazi, kukata, kubeba, mashine ya kusaga majani, posho, kabla ya kuuliza habari za asili na ukoo.

Tena mkoba huo na sanduku lile haviko mbali kama vinavyoonekana. Mkonge uliompa baba yako kazi haukuwa mmea wa pwani yetu: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, huko huko Marekani, mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Kuhusu mwandiko usiosomeka: huo kwa kawaida ni mwandiko unaoitwa Kurrent, ambao shule za Ujerumani zilifundisha, pamoja na mtindo wake wa baadaye, mpaka 1941. Hata Mjerumani kijana wa leo hausomi bila kujifunza, kwa sababu herufi e hufanana na n, na u hutambulikana kwa kialama kidogo kinachowekwa juu yake. Lakini hujifunzwa, tena kwa wiki chache za subira, kwa kuanza na maneno yanayojulikana: majina ya watoto katika Biblia ile, majina ya miezi, salamu za mwanzo wa barua. Biblia itakuwa ufunguo wa barua. Ajihadhari na majina tu, maana Wajerumani wengi wa zamani walibatizwa kwa majina mawili au matatu wakaitwa kwa lile la pili, hivyo ndugu watatu wanaoanza na Johann huenda kila mmoja alijulikana kijijini kwa jina tofauti kabisa. Sisi tunaoitana Mama Fulani mpaka jina la cheti linasahaulika hatuna haja ya kulishangaa hilo.

Akitaka kufuata nyayo mpaka Ulaya, aanzie katika madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi ya kanisa la mji wake, kwani mara nyingi ndiyo yanayotaja kijiji alikotoka mtu. Orodha za abiria walioondokea bandari ya Bremen hazitamsaidia, kwa kuwa karibu zote ziliteketezwa au kupotea, na hata sensa ya Marekani ya mwaka 1890 imeangamia karibu yote kwa sababu ya moto wa Washington wa 1921. Ndiyo maana sanduku moja la bibi lina thamani kubwa namna hiyo.

Kuna jambo ambalo lingenifurahisha sana likitokea. Mafaili ya serikali ya Kijerumani ya nchi hii, ambayo yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na ambayo mwaka 1997 yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, yana kurasa nyingi za mwandiko wa mkono wa aina ile ile. Mkamwana wako akijifunza kusoma barua za bibi yake, atakuwa amejifunza pia kusoma taarifa za maboma yetu, jambo ambalo ni Watanzania wachache mno wanaoliweza. Siku akija tena Tanga, msimwache akae barazani tu.

Utunzaji wenyewe nitausema kwa ufupi. Hewa yetu ya chumvi na unyevu ni adui mkubwa kuliko ile ya kwao. Toa pini na klipu, kwa sababu hupata kutu. Usibandike selotepu wala usipeleke karatasi zikavishwe plastiki ya moto, kwa maana kazi hiyo haiwezi kutenguliwa. Tandika kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, weka karatasi katika boksi lenye mfuniko, juu ya kabati lililoachana na ukuta, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa na maji, kisha ulifungue kila baada ya miezi michache ukague. Nakala za picha ziwe zaidi ya moja, na moja ikae katika nyumba nyingine.

SWALI: Ninamrekodi bibi yangu, ambaye amezaliwa na kukulia Tanga. Husimulia kwamba wazungu walipopigana hapa mwaka 1914, nyuki waliowafukuza Waingereza walitumwa na wazee wetu kwa dawa. Vitabu nilivyosoma havisemi hivyo. Pia Kiswahili chake kimechanganyika na Kibondei, na mengine siku hizi hayasemwi. Je, nisahihishe ninapoandika?
Kijana wa Makorora, Tanga

JIBU: Usisahihishe hata neno moja. Bibi yako aandikwe kama alivyosema, na yako wewe yaandikwe pembeni, yakitengwa waziwazi, ili msomaji wa baadaye asichanganye sauti mbili. Pembeni hapo eleza kwamba katika mapigano ya Novemba 1914, baada ya majeshi ya Uingereza kutoka India kuteremka Ras Kasone, nyuki waliochokozwa na risasi waliwashambulia askari wa pande zote mbili. Kisha andika ni nani aliyemsimulia bibi habari za dawa, na alikuwa na umri gani aliposimuliwa. Simulizi hiyo inatueleza namna watu wa mji walivyoviona vita ambavyo hawakuviita wao na vilivyopiganwa milangoni mwao, na hilo halimo katika taarifa za maofisa.

Watu wa Fredericksburg, niliowataja juu, wana simulizi ya aina hiyo. Kila Pasaka iliwashwa mioto juu ya vilima vya mji wao, na ilisimuliwa kwamba mwaka 1847, wakati walowezi wakifanya mapatano ya amani na Wakomanche, wenyeji wa nchi ile, watoto waliogopa mioto iliyoonekana vilimani, na mama mmoja akawatuliza kwa kuwaambia kwamba ni sungura wa Pasaka, yule ambaye watoto wa Kijerumani huambiwa kwamba ndiye huwaletea mayai ya sikukuu, anachemsha mayai ayatie rangi. Mioto ya Pasaka, hata hivyo, ilikuwa desturi ya Ujerumani ya kaskazini kabla ya wahamiaji hao kupanda meli. Anayehifadhi historia ya mji ule hana sababu ya kuchagua moja na kufuta nyingine. Ninachokiona mimi ndani ya hadithi ya sungura ni hofu ya watu waliokaa katika ardhi waliyoikuta na wenyewe, na hofu hiyo ni sehemu ya historia yao.

Kuhusu lugha, jua kwamba tangu mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Texas, chini ya mtaalamu wa isimu Hans Boas, kimekuwa kikirekodi wazee wanaosema Kijerumani cha Texas, kwa sababu wazee hao wakiondoka lahaja hiyo itaondoka nao. Ndege ya abiria wao huiita Luftschiff, yaani merikebu ya angani, ilhali Ujerumani kwenyewe husemwa neno jingine. Wazee wao walihama kabla ya ndege kuwapo, wakalazimika kujitungia jina. Kama warekodi wangelisahihisha neno hilo, habari yote hiyo ingepotea. Kibondei cha bibi yako nacho kinaonyesha alilelewa na nani na alicheza na watoto wa wapi. Neno usilolijua, mwombe alieleze mwenyewe, nawe uache maelezo yake ndani ya rekodi.

Chagua saa za asubuhi, kabla hajachoka. Zima pangaboi, maana sauti yake huifunika sauti ya mzee, weka simu juu ya kitambaa karibu naye, na kabla ya swali la kwanza tamka jina lake kamili, jina lako, tarehe, na nyumba mliyokaa.