MPI_Send inaganda data ikiwa nyingi: tatizo si netiweki

Mkuu, kwa maelezo yako, programu yako inatumia MPI (kiwango cha prosesi, yaani nakala za programu zinazokwenda sambamba, kutumiana ujumbe), na prosesi 0 na prosesi 1 zote zinaita MPI_Send (kutuma) kwanza, halafu MPI_Recv (kupokea). Ukituma double 100 (namba za desimali, baiti 8 kila moja) mambo yanakwenda. Ukituma 100,000 programu inaganda bila kutoa kosa lolote. Iache netiweki. Msimbo una kasoro tangu mwanzo, ila data ndogo ilikuwa inakufichia.

MPI_Send ikirudi, inakuhakikishia jambo moja: bafa uliyoipa (sehemu ya memori yenye data yako) sasa unaweza kuiandika upya. Kama mwenzako ameshapokea au la, hiyo habari nyingine. Ujumbe ukiwa mdogo, maktaba ya MPI (msimbo unaotekeleza kiwango hicho, kama Open MPI) inausukuma hadi kwenye bafa za ndani za upande wa pili, kisha inarudi. Ukivuka kikomo, inatanguliza taarifa fupi na kungoja mpokeaji aite MPI_Recv ndipo isafirishe mzigo wenyewe. Kwako wote wawili wanangoja, na hakuna hata mmoja aliyefika kwenye Recv. Kikomo chenyewe hakikuwekwa na kiwango cha MPI, kila maktaba inajipangia. Open MPI kwa kawaida inatumia baiti 65,536 kwenye TCP na 4,096 kwenye memori ya pamoja. Double 100 ni baiti 800, na 100,000 ni baiti 800,000, kwa hiyo umevuka kotekote.

Ndiyo maana sikubaliani na mchangiaji aliyekushauri upandishe eager_limit, yaani hicho kikomo. Leo itapita, kesho utakuza gridi au utahamia mashine nyingine na utaganda tena, huku memori ikiliwa bure.

Kupima ni rahisi: geuza kila MPI_Send iwe MPI_Ssend. Hiyo hairudi mpaka mpokeaji awe ameanza kupokea, kwa hiyo kasoro inajitokeza hata ukituma namba moja. Mimi nafanya hivyo kwa kila msimbo wa MPI ninaokabidhiwa. Mmoja ulikuwa wa kukokotoa joto linavyosambaa kwenye bamba: gridi imekatwa vipande, kila prosesi inampa jirani wa kulia safu yake ya pembeni, kisha inapokea kutoka kushoto. Prosesi ya mwisho ilikuwa inatuma kwa MPI_PROC_NULL, yaani haitumi popote, kwa hiyo programu haikuganda moja kwa moja. Ila kwa Ssend foleni ilionekana wazi: ya mwisho inapokea na kuiachia iliyo kabla yake, nayo inaiachia iliyo nyuma yake, hivyo hivyo hadi prosesi 0. Tulipoongeza prosesi, mawasiliano yakazidi kuchelewa, na lawama zote alikuwa anabebeshwa mtu wa swichi, maskini! MPI_Sendrecv, inayotuma na kupokea kwa wito mmoja, ikamaliza mchezo.

MPI_Isend na MPI_Irecv, zinazoanzisha kutuma au kupokea kisha kurudi bila kungoja, zinafaa ukiwa na hesabu ya kufanya data ikiwa njiani. Lakini hapo bafa iko mikononi mwa maktaba mpaka MPI_Wait irudi. Usiiandike, usiifanyie free, na usiitangaze ndani ya funksheni itakayorudi kabla ya Wait, kwa sababu sehemu ile ya staki (memori ya muda ya funksheni) itatumiwa na funksheni nyingine. Naiogopa kasoro hii kuliko kuganda: programu inafika mwisho salama, majibu ndiyo ya uongo.

MPI_Bsend siipendi. Unajitengea bafa kwa MPI_Buffer_attach, unaongeza MPI_BSEND_OVERHEAD (nafasi ya ziada) kwa kila ujumbe, na nafasi isipotosha unapata kosa. Halafu MPI_Buffer_detach nayo inakungojesha mpaka kila ujumbe uliomo uondoke.

Kwa hiyo anza na hii:

MPI_Sendrecv(toa, n, MPI_DOUBLE, mwenza, 0, pokea, n, MPI_DOUBLE, mwenza, 0, MPI_COMM_WORLD, MPI_STATUS_IGNORE);

Angalia toa na pokea zisiingiliane kwenye memori. Kama unataka data inayokuja ikae palepale ilipotoka inayokwenda, tumia MPI_Sendrecv_replace.