Maji yanayopungua kwenye Land Rover ya zamani: kwa wanaoanza kazi ya gereji

Fundi mpya anayekabidhiwa Land Rover Series IIA au Series III yenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 mara nyingi huanza na lalamiko moja la mwenye gari: maji ya rejeta yanapungua, lakini haonekani mtu anayejua yanakovujia. Kabla hujashika spana, muulize anayajaza hadi wapi. Mengi ya magari haya hayana tanki la akiba, hivyo maji yakipata moto hutanuka, na yale yasiyoenea hutolewa nje na kofia ya rejeta kupitia kipaipu cha pembeni. Anayejaza hadi mdomoni kila asubuhi atayakuta yamepungua kila jioni, na gari halivuji hata tone. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 chini ya shingo ya rejeta, mwache mwenyewe alitumie gari kwa siku chache bila kuongeza kitu, kisha pima tena injini ikiwa baridi. Kiwango kikiwa kimetulia, kazi imekwisha na hujafungua boliti hata moja.

Kama bado yanapungua, kazi yako ya kwanza ni kutafuta, na kutafuta huku huchukua muda mrefu kuliko kutengeneza. Nalisisitiza hili kwa sababu vijana wengi wakiona unyevunyevu hukimbilia kukaza kila kinachokazika, na kwenye injini iliyokwisha kutimiza miaka 50, kukaza ovyo ndiko kunakogeuza tone kuwa mfereji. Osha injini, ikaushe kwa hewa ya kompresa, kisha uichunguze mara mbili: alfajiri ikiwa baridi kabisa, na tena ikiwa imeshapata moto. Mpira wa kupitishia maji uliozeeka husinyaa usiku na kuacha mwanya chini ya klipu, ukadondosha asubuhi, halafu ukajiziba wenyewe injini inapopata joto. Mvujo wa shinikizo hufanya kinyume chake: hauonekani mpaka kofia ianze kuzuia shinikizo, na mara nyingi maji yake hukaukia juu ya chuma kabla ya kufika sakafuni, ukabaki na alama tu, weupe wa chumvi ikiwa ni maji matupu, au ukijani na rangi ya kutu ikiwa ndani kuna kulanti, yaani dawa ya kupoozea injini inayochanganywa na maji. Fuata alama hiyo kuelekea juu. Kumbuka pia kwamba feni husukuma hewa kwenda nyuma, kwa hiyo mahali palipolowa zaidi huenda pakawa mbali na mahali panapovuja.

Gereji ikiwa na pampu ya kupimia shinikizo, ifunge mahali pa kofia injini ikiwa baridi na usukume hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kofia, si zaidi. Kofia ya Series III kwa kawaida ni ya paundi 9 kwa inchi ya mraba, na rejeta ya umri huu ikisukumiwa shinikizo la magari ya kisasa, utapata mvujo wa pili kabla hujaupata wa kwanza. Kofia yenyewe nayo ichunguzwe, kwani springi iliyolegea au raba iliyokatika huachia maji mapema. Dereva wa Dar es Salaam anaweza asilitambue tatizo hilo upesi, lakini wa Nairobi atalitambua, maana kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ilhali kofia nzima huyafikisha karibu na 110.

Mipira ndiyo yenye makosa mara nyingi. Iminye ikiwa baridi: mzima hurudi mahali pake, uliokwisha hubaki umelegea au huonyesha nyufa karibu na klipu. Usiusahau mpira mfupi unaounganisha nyumba ya themostati (vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) na pampu ya maji, kwani umejibanza mahali pafinyu na hubadilishwa kwa nadra kuliko yote. Mpira uliogandia usiung'oe kwa bisibisi, bali uchane kwa kisu kwa urefu wake na uubandue, kwa sababu shingo ya rejeta ya shaba ni laini na hupindika haraka. Isugue shingo kwa msasa laini uliolowa mpaka chumvi yote itoke, la sivyo mpira mpya utavuja kupitia njia zilezile za ule wa zamani. Klipu ikae nyuma ya ukingo ulioinuka wa shingo, isipande juu yake. Ikaze mpaka mpira uanze kuvimba kidogo pembeni mwa klipu, kisha uiache, washa injini ipate moto, izime ipoe kabisa, ndipo uongeze robo mzunguko. Mpira mpya hukaa vizuri baada ya joto la kwanza, na hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, wakarudishiwa gari wiki inayofuata.

Nyumba ya themostati inadai subira. Yenyewe ni ya alumini, boliti zake ndefu ni za chuma, nazo zimeingia kwenye silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, ya chuma cha kusubu. Unyevu ukikaa kati ya alumini na chuma kwa miaka mingi, unga mweupe hujaa kwenye tundu na kuibana boliti mwili mzima. Boliti hizi hukatika, na kukichimbua kipande kilichobaki ndani ya hedi ni kazi ya siku nzima. Zipulizie mafuta ya kulainisha kutu siku moja kabla, zigonge kichwani kwa nyundo ndogo, zifungue injini ikiwa vuguvugu, na kila ukienda kidogo urudi kidogo. Ukihisi boliti inazunguka kwa ulaini usioeleweka huku haipandi, simama hapohapo, kwa maana inajisokota na bado haijakatika. Pasha moto alumini inayoizunguka, ambayo hutanuka zaidi ya chuma, kisha ujaribu tena. Nyumba ikishatoka, bandika msasa juu ya kioo kinene na usugue uso wake kwa mizunguko mpaka mng'aro uenee kote. Madoa meusi yatakayobaki ni mashimo ya kutu. Yakiwa madogo, gasketi mpya ya karatasi yenye gundi nyembamba pande zote mbili itayamudu, na yakiwa makubwa, tafuta nyumba nyingine. Silikoni ya kupaka kwa wingi siipendi hata kidogo, kwa sababu ile inayobanwa kuelekea ndani hukatika na kwenda kuziba mirija ya rejeta.

Pampu ya maji haina maelezo mengi. Chini ya shafti yake kuna kitundu, na maji yakidondoka hapo ujue sili ya ndani imekwisha na pampu ibadilishwe. Nimewahi kukiona kitundu hicho kimezibwa kwa skrubu, jambo ambalo huyalazimisha maji kuingia kwenye beringi, na beringi ikishakufa feni hulegea na kuweza kuikwaruza rejeta.

Kisha kuna vizibo vya bloku (mwili mkuu wa injini), yale mabati ya duara yenye umbo la kikombe yaliyopigiliwa ubavuni mwa injini. Wengi hudhani viliwekwa ili kuikinga bloku na barafu ya Ulaya. Matundu hayo asili yake ni kiwandani, kwa kuwa bloku iliposubiwa, mchanga uliotengeneza njia za maji ulitolewa kupitia hapo. Huku kwetu vizibo huliwa na kutu kutoka ndani, kwa sababu ya miaka ya kutumia maji matupu, na doa la kutu linalolowa katikati ya kizibo ni dalili kwamba bati limekwisha. Toa maji kwenye koki ya bloku pia, si kwenye rejeta peke yake. Gonga upande mmoja wa kizibo kwa tindo butu mpaka kigeuke kisimame wima, ukivute kwa koleo, wala usikiache kitumbukie ndani. Kwangua kiti chake mpaka chuma king'ae, paka gundi kidogo, halafu pigilia kizibo kipya kwa soketi inayoenea ndani ya kikombe chake, ukihakikisha kinaingia sawasawa pande zote. Vya shaba vikipatikana, chukua hivyo. Na kimoja kikioza, badilisha vyote unavyoweza kuvifikia.

Rejeta ya shaba iliyotoboka ipelekwe kwa fundi rejeta ailehemu kwa risasi. Unga wa kuzibia mivujo, pamoja na yai bichi linalopasuliwa ndani ya rejeta njiani, ni mambo ya kukufikisha nyumbani tu, maana haviwezi kulitofautisha tundu bovu na mrija mwembamba wa rejeta ambao bado unahitajika. Ukifika, suuza mfumo wote. Na ukikuta oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikiunguruma, huo si mvujo mdogo tena: zima injini na ujiandae kufungua silinda hedi.

Unapojaza upya, utahitaji kati ya lita 8 na 10 kutegemea toleo. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji yaliyotoneshwa, kwani ya kisima, hasa ya pwani, yana chumvi. Changanya na kulanti ya aina ya zamani, si zile za muda mrefu zenye asidi za kikaboni, ambazo zimelaumiwa kwa kuharibu risasi na sili za injini za kale. Mimina polepole huku koki ya hita ikiwa wazi, washa injini kofia ikiwa nje, na usubiri mpaka mpira wa juu upate moto ghafla. Hapo themostati imefunguka, kiwango kitashuka, nawe utaongeza kidogo kabla ya kufunga. Kulanti uliyoimwaga ihamishie mara moja kwenye dumu lenye kifuniko, kwa sababu ethilini glaikoli iliyomo ndani yake ni tamu na ni sumu, na mbwa wa gereji hawezi kuipita beseni iliyoachwa wazi.