BTEC ya Afya na Huduma za Jamii: njia ya chuo kikuu isiyostahili kudharauliwa

Matokeo ya GCSE, mitihani ya mwisho wa sekondari ya miaka 16, yakitoka mwezi Agosti, wazazi wa jamii yetu hapa England huanza kunipigia simu. Swali huwa lilelile: "Mwanangu hataki A level, anataka BTEC ya Afya na Huduma za Jamii. Kweli atafika chuo kikuu?" Wengine huliuliza kwa sauti ya msiba kabisa, kana kwamba mtoto ameshapotea. A level ndiyo njia iliyozoeleka ya kwenda chuo kikuu baada ya GCSE; BTEC ni kozi ya kimatendo inayosomwa badala yake.

Atafika. Mimi nimepita njia hiyohiyo, nikasoma chuoni, nikaingia shahada ya uuguzi, na leo ni muuguzi. Kozi ile haikuwa daraja la kupita tu. Ilinipa kitu ambacho baadhi ya wenzangu waliotoka na A level safi za sayansi walikuja kukitafuta wakiwa tayari mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, wakilipa ada inayozidi £9,000 kwa mwaka: kujua kama kazi hii unaiweza.

Nianze na mahesabu, maana ndiyo yanayowatia wazazi wasiwasi. BTEC hizi ziko kwa ukubwa tofauti. Ile kubwa, Extended Diploma, ina masomo 13, huchukua miaka miwili, na huhesabiwa sawa na A level tatu. Alama zake ni P (Pass, kufaulu), M (Merit, vizuri) na D (Distinction, vizuri sana). Ukipata DDD unapata pointi 144 za UCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vikuu, sawasawa na mwenye AAA za A level. Ukipata DMM ni pointi 112, sawa na BBC. Lakini ipo Extended Certificate, ambayo ni sawa na A level moja tu, na majina yanafanana mno. Kijana akisajiliwa kwenye hiyo ndogo bila masomo mengine ya kuisindikiza, atamaliza akiwa na pointi zisizotosha kwa shahada nyingi. Kabla ya kusaini fomu, ulizeni waziwazi: hii ni sawa na A level ngapi? Serikali imekuwa ikizipunguza na kuzibadilisha kozi hizi, na pembeni zipo T Level, kozi nyingine za ufundi za baada ya GCSE, kwa hiyo ushauri wa kaka aliyemaliza zamani usiutegemee peke yake.

Anza mwisho, rudi nyuma. Fungua tovuti za vyuo vikuu vitatu au vinne unavyovitamani, tafuta kozi yenyewe, soma masharti neno kwa neno. Kwa uuguzi, kazi za ustawi wa jamii na tiba ya kazi (occupational therapy), BTEC hii inapokelewa mahali pengi. Fiziotherapia ni kali zaidi, na vyuo kadhaa hutaka Biolojia ya A level. Udaktari, niseme ukweli bila kumtia mtu moyo wa uongo: shule nyingi za udaktari hazitamchukua mwanafunzi kwa BTEC hii peke yake. Kama ndoto ni hiyo, chagua njia nyingine leo, si baada ya miaka miwili.

Na Hesabu na Kiingereza za GCSE zisiachwe nyuma. Vyuo vikuu vingi huzitaka kwa daraja la 4 au zaidi hata kama BTEC yako inang'aa. Baadhi hupokea Functional Skills Level 2, mtihani mbadala wa Hesabu na Kiingereza, badala yake, vingine havipokei. Muuguzi hupiga hesabu ya dozi kila zamu, kwa hiyo sharti hilo lina maana yake.

Sasa nije kwenye moyo wa kozi, yaani mafunzo kwa vitendo. Kwenye Extended Diploma unatakiwa kufanya angalau saa 100 kazini, baada ya kupata hati ya DBS, yaani ukaguzi wa rekodi ya jinai. Vijana wengi huzichukulia kama saa za kutimiza tu. Wanaenda mahali palipo karibu na nyumbani, wanajaza karatasi, wanarudi. Nakusihi usifanye hivyo. Shule za chekechea ni nzuri kwa anayetaka kufanya kazi na watoto, lakini kama unalenga uuguzi, omba nyumba ya kulelea wazee, wodi, au kituo cha watu wenye ulemavu. Omba mapema, na omba kwa maandishi, kwa sababu nafasi hizo ni chache na chuo kitakupeleka panapopatikana.

Mimi nilipelekwa nyumba ya wazee. Nakumbuka mama mmoja mlezi, mzoefu sana, akimlisha mzee aliyewahi kupata kiharusi. Alivuta kiti akakaa, macho yake yakawa sawa na macho ya mzee, maana ukimlisha mtu umesimama atainua kidevu, na kidevu kikiinuka chakula huweza kwenda njia ya hewa. Alitumia kijiko kidogo. Alingoja aone koo limepanda na kushuka ndipo alete kijiko kingine. Mwishoni akamwomba afungue mdomo, akaangalia shavu la upande uliopooza, kwa sababu mzee hakuwa na hisia upande ule na chakula hujificha pale bila yeye kujua. Kisha akamwacha ameketi wima kwa muda, hakumlaza. Mambo yote hayo aliyafanya huku akimsimulia habari za mpira.

Baadaye darasani tukasoma anatomia, tukafika kwenye kile kifuniko kidogo kinachoziba njia ya hewa tunapomeza. Sikuhitaji kukikariri. Nilikuwa nimeshakiona kikifanya kazi, na nimeshaona mtu anavyolindwa kinaposhindwa.

Siku nyingine bibi mmoja alikataa kuoga. Mimi nilidhani tutambembeleza mpaka akubali. Mlezi akasema, "Sawa bibi, nitarudi baadaye," akaondoka kweli. Akarudi baada ya chai, akauliza upya, bibi akakubali mwenyewe. Ilipofika zamu ya kusoma Mental Capacity Act ya 2005, ile sheria inayosema mtu mzima huhesabiwa ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, na kwamba uamuzi usio wa busara hautoshi kusema hana uwezo, nilikuwa na sura ya mtu kichwani. Asaimenti niliyoiandika kuhusu sheria hiyo ilikuwa bora kuliko zote, na ilitoka pale mlangoni kwa bibi.

Kwa hiyo weka daftari. Kila ukitoka zamu andika ulichokiona, kwa nini kilifanywa hivyo, na swali lililokubakia. Usiandike jina la mtu, namba ya chumba wala chochote kitakachomtambulisha. Usiri unaanza hapo, ukiwa bado mwanafunzi. Usipige picha kabisa, hata ya mikono tu. Daftari hilo litakulisha kwenye asaimenti, kwenye maelezo binafsi ya UCAS, na kwenye usaili. UCAS sasa, tangu kwa wanaoanza masomo 2026, wanauliza maswali matatu badala ya insha moja ndefu: kwa nini unataka kozi hiyo, masomo yako yamekuandaaje, na umefanya nini kingine nje ya masomo. Wanaosaili wameshasikia "napenda kusaidia watu" mpaka masikio yamechoka. Wachache ndio wanaoweza kueleza kwa nini mlezi alikaa chini kabla ya kulisha.

Kuhusu asaimenti zenyewe, kuna mitihani inayotungwa na kusahihishwa nje ya chuo kwenye masomo manne, mengine hupimwa kwa kazi za maandishi. Kinachotenganisha P na D si urefu wa kurasa. Ukieleza tu huduma anayopewa mzee anayeanguka mara kwa mara, umefika P. Ukichambua kwa nini huduma ile inamfaa yeye, na hali zake zinavyogongana, unaelekea M. Ukipima kama mpango mzima unafanya kazi, ukaonyesha unapopwaya na ukatetea msimamo wako kwa ushahidi, hapo unagusa D. Soma vigezo kabla hujaandika sentensi ya kwanza. Na usilimbikize: tarehe za kukusanya kazi huja kwa makundi, na anayelimbikiza hupata P kwenye somo ambalo alikuwa na akili ya kupata D.

Kuna kundi jingine ninalolifikiria sana, nalo ni dada na mama zetu wanaofanya kazi za ulezi usiku na mchana, ambao hunong'ona kwamba walitamani uuguzi ila umri umekwenda. Haujaenda. Kwa wenye miaka 19 na kuendelea ipo Access to Higher Education Diploma, kozi ya watu wazima ya kuingilia chuo kikuu, krediti 60, kwa kawaida mwaka mmoja, na zipo zinazoelekea moja kwa moja kwenye uuguzi. Unaweza kuikopea, na ukimaliza shahada inayofuata, deni hilo la Access linafutwa. Ukishaingia shahada ya uuguzi au ukunga huku England, NHS Learning Support Fund, mfuko wa huduma ya afya ya taifa wa kusaidia wanafunzi, hutoa £5,000 kwa mwaka wa masomo kwa wanaostahili, pesa usizorudisha, na wenye watoto wanaweza kuongezewa £2,000. Shahada yenyewe ni nzito, sikufichi: kwa miaka mingi kiwango kimekuwa saa 4,600, nusu darasani na nusu kwenye mafunzo ya wodini na mitaani, zikiwemo zamu za usiku. Lakini wewe zamu za usiku unazijua tayari.

Jambo moja la kulishughulikia kabla ya yote hayo ni hadhi ya makazi. Mkopo wa serikali na msaada huo hutegemea aina ya kibali ulicho nacho na muda uliokaa nchini. Nimeona watu wenye alama nzuri wakikwamia hapo mwezi wa Septemba, barua ya kukubaliwa iko mkononi. Peleka nyaraka zako kwa ofisi ya ushauri ya chuo mwaka mzima kabla, waulize kama utahesabiwa mwanafunzi wa nyumbani au wa kimataifa, na omba jibu kwa barua pepe ili uwe nalo.