Maswali ya Wasomaji: Rekodi za Wazee wa Mkonge Zikae Nyumbani au Kwenye Wingu?

Majibu ya mwezi huu yameandikwa na fundi kompyuta wa Ngamiani, Tanga.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Chumbageni. Tangu mwaka 2009 nimekuwa nikiwarekodi wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Muheza, Pangani na Korogwe. Nina rekodi 118, zenye jumla ya saa 140 hivi, na zote zimo katika kompyuta moja ya mezani, zikichukua gigabaiti 90. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam ananishauri nizipandishe zote kwenye wingu, kisha niiuze kompyuta kwa sababu simu inatosha. Anasema huko nitapata lolote kwa kuuliza tu, na kwamba miaka michache ijayo hakuna atakayehangaika kutafuta faili, kila mtu atauliza na kujibiwa. Je, nimsikilize?
Mwalimu Mstaafu, Chumbageni

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Kompyuta usiiuze. Rekodi ziweke kwenye wingu, lakini ziwe nakala, na zile za asili zibaki mikononi mwako.

Wingu ni kompyuta za kampuni fulani, zilizopangwa katika majengo makubwa ambayo aghalabu yako Ulaya au Marekani, nawe unazifikia kwa njia ya mtandao. Mpango huu una asili ya zamani. Kabla ya kompyuta binafsi kuenea, hasa baada ya ile ya IBM ya mwaka 1981, watumiaji wengi walikuwa na kioo na kibodi tu, na kazi yote ilifanywa na mashine moja kubwa iliyomilikiwa na taasisi. Kompyuta binafsi ndiyo iliyomfanya mtu wa kawaida awe na faili zake na programu zake mwenyewe. Amazon ilipoanza kukodisha hifadhi na nguvu za seva zake, yaani kompyuta zake za kuhudumia wengine kwa mtandao, mwaka 2006, tulianza kurudi kwenye mashine ya mwenyewe mwingine, safari hii kwa ridhaa yetu na mara nyingi bila kusoma masharti.

Ubora wa wingu siupingi, kwa maana nauona kila wiki mezani pangu. Mwezi uliopita niliifungua diski ya mteja mmoja aliyekaa miaka saba Raskazone, nyumba inayotazama bahari. Miguu ya shaba kwenye kiunganishi chake ilikuwa imeota ukungu wa kijani kwa ajili ya chumvi ya upepo, na nilipoiwasha ikatoa mlio wa tik, tik, tik, ikanyamaza, kisha ikaanza tena. Mlio huo kwa kawaida ni wa kichwa cha kusomea kinachotafuta njia yake na kuikosa. Picha za harusi mbili na za mazishi ya baba yake hazikupatikana tena. Kama angekuwa na nakala kwenye wingu, au hata kwenye diski ya pili nyumbani kwa dada yake, ningemrudishia siku ileile. Wewe pia una mashine moja tu, Mwalimu, na umeme wetu unapokatika na kurudi kwa kishindo, mashine moja si mahali pa kuweka kazi ya miaka yote hiyo.

Hata hivyo, wingu nalo lina maradhi yake. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza kila kitu. Yahoo ilipoifunga GeoCities, huduma yake ya kuwekea watu kurasa za wavuti, mwaka 2009, kurasa ambazo watu wa kawaida walikuwa wamezijenga kwa miaka mingi ziliondolewa, isipokuwa zile ambazo watu wa kujitolea waliwahi kuzinakili. Google nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na yote yaliyomo. Lifikirie hilo kwa utulivu, kwa kuwa sote ni watu wa safari: mwenye akaunti akifariki, na jamaa zake wasijue nenosiri, miaka miwili hupita upesi. Mimi mwenyewe nilipoteza barua pepe za miaka sita kwa sababu namba ya simu niliyoisajilia akaunti ilikuwa imefungwa na kupewa mtu mwingine, na katika kampuni iliyokuwa ikiniwekea barua hizo sikupata hata mtu mmoja wa kuzungumza naye.

Tena wingu linategemea njia ya kulifikia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kesho yake watu walikuja steshenari ya jirani yangu kuchapisha barua za maombi ya kazi, wakasimama na simu mikononi wakitazama kiduara kikizunguka. Barua waliziandika wao wenyewe, lakini zilikuwa kwenye wingu, na hawakuweza kuzisoma.

Sasa nije kwenye kutafuta, maana hapo ndipo hoja ya mwanao ilipo na ndipo ninapotaka unisikilize zaidi.

Kompyuta haitafuti kwa kupekua kila ukurasa papo hapo. Huandaa kwanza faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, inayoonyesha kila neno limo katika faili gani. Utafutaji wa kawaida wa kompyuta za nyumbani hulitazama neno kuanzia mwanzo wake, na desturi hiyo inakifaa Kiingereza kuliko Kiswahili, kwa sababu maneno yetu hubadilika mbele na kuacha mzizi katikati. Andika «kata», nawe utaletewa «kata» na «katani», lakini «alikata», «tulikata», «wakataji» na «ukataji» vitaachwa, ilhali hivyo ndivyo ulivyokuwa ukivitafuta. Ukiipa ruhusa ya kutafuta katikati ya neno kwa mzizi «kat», itakumwagia kila ukurasa wenye «katika», yaani kurasa zote. Watu wengi huja kwangu wakidhani faili zimepotea, kumbe zipo, ila zimeulizwa kwa neno lisilo mwanzo wake.

Huduma kubwa za wingu zimeanza kuvuka kikwazo hiki kwa kutumia akili mnemba, ambayo hulinganisha maana za maneno badala ya kufuata herufi peke yake, na hutambua hata kilichomo ndani ya picha. Hapo mwanao anasema kweli. Lakini rekodi zako ni sauti, na sauti isiyoandikwa haina neno hata moja la kuingizwa kwenye faharasa, iwe nyumbani au wingu. Zipo programu zinazogeuza sauti kuwa maandishi. Mojawapo ni Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, na ambayo mtu anaweza kuipakua na kuiendesha ndani ya kompyuta yake bila mtandao. Nimeijaribu kwa mazungumzo ya mzee mmoja wa Muheza. Kiswahili inakijua, ingawa hukosea mara kwa mara, na pale mzee alipochanganya Kibondei ikapotea kabisa. Neno «manamba», yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, ikalikata vipande viwili visivyo na maana. Kazi hiyo haiwezi kukamilika bila sikio la mtu kama wewe.

Tena jiulize hayo majibu ya siku zijazo yatatoka wapi. Google ilipoanza mwaka 1998 ilikupa orodha ya kurasa, ikizipanga kwa kutazama ni kurasa ngapi nyingine zinazoziunganisha, kama kura, na kazi ya kusoma na kupima ikabaki kwako. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, watu wamezoea kupewa jibu moja lililokwisha kuandikwa, na Google yenyewe ilianza mwaka 2024, kwa kuanzia Marekani, kuweka muhtasari wa akili mnemba juu ya orodha yake. Ukiuliza leo mkonge ulifikaje kwetu, yaelekea utajibiwa vizuri kwamba Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na kwamba miche 62 iliyosalimika ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Jibu hilo lipo kwa sababu limeandikwa mara nyingi. Uliza sasa manamba waliimba nini alfajiri wakienda kukata, au mwanamke aliyejifungua kambini alihudumiwa na nani. Ama utapata maneno ya jumla, ama utatungiwa kitu kinachofanana na ukweli. Majibu ya maswali hayo yamo katika kompyuta yako ya Chumbageni, na mashine haiwezi kuchota mahali ambapo hakuna aliyetia maji.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika ukurasa mmoja kwa kila rekodi, kwa maandishi ya kawaida yanayofunguka katika programu yoyote: nani anasema, wapi, tarehe gani, anazungumzia nini, na maneno yale adimu aliyoyatumia, ukiyaweka katika maumbo yote mtu anayoweza kuyatafuta. Ipe faili ya sauti na ukurasa wake jina lilelile, ukianza na mwaka, kwa mfano 2011-06-14_Kikogwe_manamba_nyimbo, ili zijipange zenyewe kwa tarehe. Rekodi 118 kwa mbili kila siku ni kazi ya siku 59, na kwa aliyewahi kusahihisha madaftari ya darasa zima, hiyo si kazi ya kukutisha.

Kisha nunua diski mbili za nje. Moja ibaki kwako ndani ya kasha lisilopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na nyingine ipelekwe kwa mwanao Dar es Salaam. Nakala ya tatu ndiyo ya wingu. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde, gigabaiti 90 zitachukua saa 100, yaani siku nne na ushei bila kupumzika. Ikiwa rekodi hazijabanwa bado, zibadilishe kwanza ziwe katika muundo wa FLAC, unaopunguza ukubwa kwa karibu nusu bila kupoteza chochote cha sauti, kisha zipandishe usiku, chache chache.

Jambo moja zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya taarifa za watu na juu ya kuzisafirisha nje ya nchi. Sheria kando, wale wazee walizungumza nawe barazani kwao, wakinywa kahawa, na hawakuambiwa kwamba sauti zao zitalala kwenye seva za ng'ambo. Walio hai waulize, waliokwisha kutangulia waulize watoto wao, na jibu la kila mmoja liandike katika ule ukurasa wa rekodi yake.

SWALI: Simu yangu inaniambia kila siku kwamba hifadhi imejaa, na picha za wateja wangu hazipandi tena. Nikizifuta kwenye simu zitabaki mtandaoni?
Mpiga picha, Ngamiani

JIBU: Inategemea unafutia wapi, na kosa hapa ni ghali. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15 za bure zinazogawanywa baina ya barua pepe, picha na Drive, na tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya huhesabiwa humo. Ukifuta picha ndani ya programu ya Google Photos ilhali imekwisha kupandishwa, inafutwa kote kuwili. Ipo amri tofauti ya kuondoa nakala za kwenye simu tu, nayo huanza kwa kuhakikisha kwamba picha zimefika. Ikiwa umekwisha kukosea, tazama pipa la taka mapema, kwa sababu picha zilizopandishwa hukaa humo siku 60. Na picha za kazi, ndugu yangu, zihamishie kwenye diski jioni ya siku ileile ya shughuli. Mteja anayelipia harusi hakulipia nafasi ya kubahatisha.

SWALI: Mwalimu wetu anataka tutaje vyanzo. Nikiiuliza programu ya akili mnemba inanipa vitabu ambavyo sivipati popote. Kwa nini?
Mwanafunzi wa sekondari, Pangani

JIBU: Kwa sababu programu hiyo hutunga sentensi kwa kukisia neno linaloelekea kufuata, na jina la kitabu ni maneno kama maneno mengine, kwa hiyo inaweza kukuundia kitabu kizima pamoja na mwandishi wake. Usiinukuu kamwe kabla ya kuhakiki. Liweke jina la kitabu ndani ya alama za kunukuu katika Google, ili litafutwe kwa mpangilio uleule. Ukitaka nyaraka za serikali yetu, ongeza site:go.tz baada ya maneno yako, na tovuti nyingine zote zitaachwa nje. Kitabu kisipoonekana kwa mchapishaji wala katika maktaba yoyote, kiondoe kwenye kazi yako. Ukiupata ukurasa wa kweli, usome wote, uuhifadhi kwenye flashi yako, na uandike tarehe uliyoufungua, kwa kuwa kurasa hubadilishwa na mwalimu wako anaweza kuufungua baada ya wiki mbili akakuta maneno mengine.