Wasifu wa bibi mfugaji: kwa vijana mnaokabidhiwa kalamu msibani

Vijana wa kamati, hasa nyinyi mnaopewa kazi ya kuandika wasifu kwa sababu tu mna simu yenye chaji, hebu tusemezane. Wasifu wa akina bibi wa ufugaji unaosomwa misibani huku kwetu Dodoma, kuanzia Kibaigwa hadi Mpwapwa, umekuwa mmoja unaobadilishwa jina. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, "akamsaidia mumewe katika shughuli za ufugaji", akajaliwa watoto, akaugua, akalala. Mcheshi, mkarimu, mpenda watu. Ng'ombe wangekuwa na sauti wangeomba kipaza sauti.

1. Tarehe ya kuzaliwa. Kadi ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, ikionyesha 1 Januari au 1 Julai, mara nyingi ni makadirio ya mtu wa dawatini. Bibi wa rika hilo hana cheti, ana matukio. Muulize ndugu yake aliyebaki: alizaliwa kabla ya trekta za karanga au baada? Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza Kongwa mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, na kila ukoo wa huku unajua ulikuwa umekaa wapi mashine zilipofika. Uhuru ulimkuta msichana au mwali? Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, watu walipohamishiwa vijijini, ilimkuta na watoto wangapi? Ukishapata makadirio, yapime na umri wa kifungua mimba wake. Wasifu unaosema mama kazaliwa 1947 na mwanawe wa kwanza 1957 umeshasomwa mbele ya watu wazima, wakainama kuficha kicheko. Ukishindwa kabisa, andika "mwishoni mwa miaka ya 1940" na uendelee.

2. Jina. Andika jina lake la kwao, la ubatizo au la dini yake, la ukoo, ndipo "Mama Fulani". Wapo waliozikwa bila jina la baba yao kutajwa hata mara moja, na wajomba wameketi mstari wa mbele.

3. Wa kuulizwa. Usianzie kwenye turubai la wanaume. Huko utapewa historia ya mzee, na bibi atatokea aya ya tatu akiwa amebeba chai. Nenda kwenye mafiga ya nje, umtafute mkaza mwana aliyekamua naye na mchunga wa zamani. Uliza kazi, usiulize tabia. Alikamua wangapi asubuhi? Nani alimshikia ndama?

Hapo ndipo mtoto wa mjini anapopotea, kwa hiyo tulieni kidogo. Zebu, ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu, haachii maziwa mpaka ndama aguse chuchu. Mkamuaji humwachia ndama avute kidogo, humfunga kando mama yake akimwona, hukamua chuchu mbili au tatu na kumbakizia ndama iliyosalia. Akizimaliza zote kwa uchu, ndama hudumaa, na mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, aliyetarajiwa baada ya miaka mitatu haonekani. Mavuno ya ng'ombe mmoja kwa siku ni lita 1 hadi 2, basi. Kilo 1 ya siagi inataka lita 20 na zaidi za maziwa, na ukiichemsha unapata samli gramu 800 hivi. Kwa hiyo sentensi ya "aliuza samli akasomesha watoto" imebeba zizi zima ndani yake. Ifungue. Sema kilo moja ya siagi ilikula maziwa ya siku nzima ya ng'ombe kumi au zaidi, na utaje bei ya kopo la samli mwaka ule kama kuna anayeikumbuka.

Uliza pia usiku wa mvua. Ndama aliyezaliwa anatakiwa anyonye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa 6 za mwanzo, kama lita 2 kwa ndama wa kilo 20. Akikosa, hata akiishi, kila ugonjwa utampata. Nani alitoka na taa? Ndigana kali, ugonjwa wa kupe, hujitokeza kwanza kwenye tezi iliyovimba chini ya sikio, na anayeibaini mapema ni yule anayemshika ndama kila asubuhi, si yule anayehesabu kundi jioni akiwa amesimama mlangoni mwa zizi na fimbo mabegani. Tajeni magonjwa kwa majina: ndigana, chambavu, kimeta, homa ya mapafu. "Magonjwa mbalimbali ya mifugo" ni lugha ya ripoti ya robo mwaka.

Kama alikuwa hai na nguvu zake mwaka 2007, usiiruke Homa ya Bonde la Ufa. Dodoma iliumia: ng'ombe walitupa mimba, watu walikufa, biashara ya nyama na maziwa ikalala. Uliza bibi aliamuru nini pale nyumbani, nani alikatazwa kushika ndama aliyetupwa kwa mikono mitupu, na waliishi kwa nini wakati hakuna aliyetaka nyama.

4. Ng'ombe wa nani. Hili ndilo lililosababisha maneno yote haya. Mnaandika: "Marehemu alimsaidia mumewe kutunza ng'ombe wake." Sentensi ina adabu, haina tusi, na hakuna inayoumiza kuliko hiyo. Wasifu husomwa mbele ya ukoo wote, mwenyekiti wa kijiji, mchungaji, na wazee walioshuhudia mahari ikihesabiwa. Hakuna atakayepinga papo hapo, maana mtu habishani mbele ya jeneza. Baada ya matanga, ukoo ukikaa kugawa, yupo atakayesimama kusema: si ilisomwa mbele yetu sote kwamba ng'ombe ni wa mzee, na mbona mlinyamaza? Binti wa marehemu atajibu nini? Karatasi mliyoiandika saa saba usiku mkisinzia imegeuka ushahidi.

Mnakosea kwa sababu mnaliona zizi moja na kudhani mwenyewe ni mmoja. Ndani ya boma lile kuna ng'ombe aliopewa na baba yake au kaka zake. Kuna aliowapata mwenyewe, kwa samli, kwa kuku waliogeuka mbuzi na mbuzi waliogeuka mtamba. Kuna waliotengewa nyumba yake wakati mzee alipooa mke wa pili, ili wanawe wakamue na baadaye waoe kwa ng'ombe hao. Kuna wa mahari ya mabinti, ambao wengine wana haki ya wajomba na bado hawajapelekwa. Halafu kuna wa watu, waliowekwa tu: jirani aliyehama, shemeji aliye kazini Morogoro, wanaokamuliwa hapo lakini uzao ni wa mwenyewe. Kila kundi limezaa. Mtamba mmoja wa mwaka 1976 anaweza leo kuwa robo ya zizi, na historia ya huyo mtamba iko kichwani mwa wanawake wawili watatu walio jikoni sasa hivi wakisonga ugali, wakati nyinyi mnamwuliza mwenyekiti wa kamati.

Msiruke sasa mkaangukia upande wa pili. Aliyeandika "ameacha ng'ombe 60" naye amefungua kesi, kwa sababu huenda 15 ni wa jirani na mwenyewe yuko hapo hapo chini ya turubai anasikiliza. Idadi ya kundi haisomwi msibani. Kinachosomwa ni asili na kazi: "Alinunua mtamba kwa fedha ya samli, uzao wake ndio uliolipa ada." Kabla ya kuandika hivyo, wapate watu wawili wasio na maslahi, mfano dada wa marehemu na mchunga wa zamani, kila mmoja peke yake, wakutajie rangi ya mtamba na alikonunuliwa. Wakitofautiana, ifute sentensi yote. Usiichonge ikakaa katikati. Kisha rasimu isomwe usiku huo huo kwa mume, kama yu hai, na kwa mtoto mkubwa wa kila nyumba. Akinuna, anune usiku, si kaburini.

Na popote ulipoandika "alisaidia", weka kazi yenyewe: alikamua, alizalisha, aliogesha, alitibu, aliuza. Ikibaki "alisaidia" moja katika karatasi nzima, nayo iwe imestahili. Wapo wajuaji watakaowaambia kazi ya nyumbani si mali. Mahakama ya Rufani ilishakubali mwaka 1983, katika shauri la talaka la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi hizo ni mchango katika mali ya ndoa. Jueni hivyo, lakini msiliingize kwenye wasifu. Mtaonekana mmetumwa na mtu.

5. Watoto na wajukuu. Hesabu apewe binti mmoja aiandike kwa majina, si kwa jumla. Waliotangulia wanatajwa. Wa kulea wanatajwa palepale na waliozaliwa, wala neno "wa kulea" halihitajiki kama yeye mwenyewe hakulitumia. Wajukuu ni idadi tu, vitukuu idadi, na kama kuna kilembwe mtaje, maana ni sifa. Mkianza kutaja wajukuu kwa majina, jua litawazamia hapo, na atakayesahauliwa ndiye aliyegharamia jeneza.

6. Maradhi. "Aliugua kwa muda" inatosha. Vipimo vya hospitali ni vya familia.

7. Urefu. Msomaji wa kawaida husoma maneno kama 100 kwa dakika, na msibani hupunguza. Maneno 600 ni dakika sita hadi nane. Zaidi ya hapo watu wanatafuta kivuli. Herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zina namba, maana upepo wa Septemba hauheshimu ratiba. Asisome mtoto wa marehemu. Akisisitiza, mwenzake asimame nyuma yake na nakala yake, kidole kikifuata mstari, aweze kupokea katikati ya sentensi.

8. Nakala tatu: ya msomaji, ya mchungaji au shehe, ya binti mkubwa. Rasimu iliyo kwenye simu isipelekwe kwenye kundi lolote la WhatsApp kabla ya kusomwa, hata kwa "niangalizie makosa ya herufi tu".