Kabla hujaingia wodini: majibu kwa wanafunzi wa udaktari wanaokuja Tabora

Safari hii nimeyaweka kando maswali ya presha na vidonda vya tumbo ili niwajibu wanafunzi. Wengi wanaanza mizunguko ya wodini muhula ujao, na baadhi yao wamepangiwa huku kwetu.

*Shikamoo dokta. Namaliza mwaka wa pili, nipo likizo nyumbani Nzega. Ninunue nini kabla ya kuanza wodi?*

Marahaba. Nunua vichache. Stetoskopu iwe yako, maana mwenye kuazima kila siku huchokwa haraka. Chukua tochi ndogo, tepu ya kupimia, daftari linaloingia mfukoni na kalamu za kutosha, kwa sababu kalamu ya wodini ikiazimwa hairudi. Makoti yawe mawili, moja likifuliwa lingine livaliwe. Viatu vifunike vidole.

Kitu ambacho wengi husahau ni saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Utaihitaji kwa mtoto mwenye kikohozi. Mwache atulie mapajani kwa mama, funua kifua, uhesabu pumzi dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi anapumua haraka. Wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, pumzi za mtoto hazina mpangilio huo. Na usihesabu analia.

*Nasikia Tabora ni malaria tupu. Nisome nini kwanza?*

Soma malaria, halafu soma kila kinachofanana nayo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni kama asilimia 8 nchi nzima, na Tabora ndiyo iliyoongoza kwa asilimia 23. Kwa hiyo usiku wa masika utampokea mama mwenye mtoto aliyelegea, na kipimo cha haraka kitatoka chanya. Hapo ndipo wanafunzi wengi hufunga daftari.

Usifunge. Kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha. Muulize mama: alipewa dawa mseto lini mara ya mwisho? Alimaliza dozi? Kisha mwangalie mtoto mwenyewe. Shingo imekaza? Utosi umevimba? Viganja vimepauka kuliko vya mama yake? Homa ya uti wa mgongo hujificha nyuma ya kipimo chanya, na mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Akiwa hajitambui au amepata degedege, sukari ya damu ipimwe hapo hapo, si baada ya kuandika faili.

Kuhusu dozi, artesuneti ya sindano kwa malaria kali ni miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, na 2.4 kwa mwenye kilo 20 na kuendelea. Hutolewa anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza dawa mseto. Dozi inafuata uzito, kwa hiyo mtoto apimwe kwenye mizani. Ukisikia mtu anakadiria kwa macho, wewe sogeza mizani kimya kimya.

Jambo jingine la mkoa huu ni kuuliza kazi ya mgonjwa. Mkulima wa Urambo au Kaliua anayekuja na kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu msimu wa kuvuna tumbaku huenda ameshinda akichuma majani mabichi yenye umande. Nikotini hupenya kwenye ngozi. Usipouliza, ataondoka na dawa za malaria.

*Mimi ni wa Tanga, Kinyamwezi sijui hata neno. Nitawahojije wazee?*

Wengi Kiswahili wanakijua. Ila jifunze "mwangaluka" ya asubuhi. Bibi akiisikia kwa kijana wa pwani atacheka kwanza, halafu atakueleza yote. Jitambulishe kuwa ni mwanafunzi, omba ruhusa, vuta kiti ukae. Maswali ya kusimama hupata majibu mafupi.

Akihitajika mkalimani, mwangalie mgonjwa unapouliza, si mkalimani. Na usimtumie mama mkwe kumhoji binti kuhusu hedhi au mimba, utapata anachotaka mama mkwe kijulikane. Mwombe muuguzi. Swali la mitishamba nalo liulizwe kwa sauti ile ile unayoulizia chakula: "Nyumbani mmeshampa dawa gani, za dukani au za miti?" Mjamzito anaweza kuwa amekunywa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, na mkunga anahitaji kujua kabla hajaongeza ya hospitali. Ukikunja uso, hutaambiwa.

*Naogopa kujichoma sindano. Ikitokea nifanye nini?*

Anza kabla haijatokea: chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Ukisubiri kuripoti ndipo uanze, utazunguka wodi nusu umekingwa. Na hatari yake ni kubwa kuliko ile mnayoiogopa: sindano yenye damu ya mwenye VVU huambukiza kama watu 3 kati ya 1,000, lakini homa ya ini B kwa asiyechanjwa inaweza kufika hata 30 kati ya 100.

Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usimwagie jiki. Kisha toa taarifa kwa msimamizi wa wodi saa hiyo hiyo. Dawa kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na humezwa siku 28. Wanaochelewa mara nyingi huchelewa kwa aibu. Na tafadhali, sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko.

*Manesi wanatuchukia wanafunzi. Tukae nao vipi?*

Hawawachukii. Mnakuja kumi, mnazunguka kitanda kimoja, mnaacha pazia wazi na faili halijulikani liko wapi. Fika kabla ya ripoti ya asubuhi, salimia, rudisha faili ulikolitoa. Sista wa zamu ya usiku anajua nani hakulala, nani hakukojoa, nani alikataa dawa. Muulize hayo saa moja asubuhi, na kwenye raundi utakuwa na majibu ambayo hata daktari wako hana. Ukiulizwa usilolijua, sema "sijui, nitasoma", na jioni kweli usome. Kubuni kipimo cha presha ambacho hukupima ni kosa la aina nyingine kabisa, na mimi humfukuza mtu raundi kwa hilo.

*Nikiona damu nasikia kizunguzungu. Je, udaktari haunifai?*

Kunywa chai nzito kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, usikaze magoti ukisimama. Ukihisi jasho baridi, rudi nyuma ukae chini sakafuni, usiangukie meza ya vifaa. Kwa wengi huisha wakizoea.

*Ninaweza kumpiga picha mgonjwa mwenye kidonda cha ajabu nikawaonyeshe wenzangu kwenye kundi la WhatsApp?*

Hapana. Hata ukificha uso. Mwite mwenzako aje amwone, akiomba ruhusa mwenyewe.