Besi za RNA Haziimbwi, Zinachorwa

Juzi msichana mmoja wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, kule Arua, Uganda, aliniandikia: "Dada, besi za RNA nazikariri jioni, asubuhi zote zimeshakimbia. Nataka udaktari. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini najua mko wengi. Nani kati yetu alichukua Baiolojia na Kemia bila kujiona tayari amevaa koti jeupe? Besi ni zile herufi nne za kikemia zinazoandika ujumbe wa RNA, ndugu ya DNA anayebeba maagizo ya urithi ndani ya seli. Basi jibu refu ni hili.

Chora. Usiimbe.

Mimi pia ni mtoto wa West Nile, eneo hilohilo la Arua. Mwalimu wetu aliandika ubaoni adenini, guanini, sitosini, urasili, akatuamuru tuziimbe. Nikanyoosha mkono: "Mwalimu, kama DNA inatumia thaimini, kwa nini RNA inatumia urasili?" Akacheka, na darasa zima likacheka naye. Akasema niandike yaliyo ubaoni, maswali mengine niyapeleke Makerere nikifika, "kama utafika." Hayo maneno mawili ya mwisho bado yananichoma.

Jibu nililitafuta mwenyewe, na nililipata kwa penseli. Adenini na guanini zina pete mbili zilizoungana; hizo ni purini. Sitosini na urasili zina pete moja moja; hizo ni pirimidini. RNA inapojikunja, pete mbili hukutana na pete moja: A hushikana na U kwa bondi mbili za haidrojeni, G na C kwa bondi tatu. Ukishazichora hivyo mara kadhaa, huhitaji wimbo.

Sasa chora thaimini kando ya urasili. Utashangaa: thaimini ni urasili iliyovaa kofia tu, yaani kikundi kimoja cha methili. Na kofia hiyo ina kazi. Sitosini ina tabia ya kupoteza kikundi chake cha amino, na ikikipoteza inageuka kuwa urasili. Kwenye DNA, kimeng'enya kikikuta urasili kinajua hapa pameharibika, kinaiondoa ili sitosini irudishwe. Kama DNA ingetumia urasili kama kawaida, halali na haramu vingetofautishwaje? RNA nyingi hazidumu, hutengenezwa na kuvunjwa, kwa hiyo seli haina haja ya kugharamia kofia. Hilo ndilo jibu la swali lililochekwa.

Miezi ya kusoma kwa tochi naiacha, haina utamu. Matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yalipotoka nilikuwa na A ya Baiolojia. Mwalimu yule alinitumia pongezi. Sikumjibu, na sijutii.

Turudi kwako mdogo wangu. Chora, kisha tafuta herufi hizo katika mambo ya nyumbani. Kirusi cha West Nile, kilichopatikana kwetu mwaka 1937, kinabeba jenomu ya RNA. Cha Zika pia, kile cha msitu ulio karibu na Entebbe, mwaka 1947. Urithi wao wote umeandikwa kwa A, G, C na U. Na sikoseli, ugonjwa wa damu ambao karibu kila mtaa unaujua: kwenye RNA ya hemoglobini, kodoni (kundi la herufi tatu) ya GAG inakuwa GUG. Herufi moja tu, A imekuwa U, na tofali moja la protini, asidi ya glutamiki, linalipisha jingine, valini. Mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa usiku, chanzo chake ni hapo. Utaisahau tena urasili?

Ninyi mnaotaka udaktari acheni kununua vijitabu vya majibu pale kituo cha mabasi. Mgonjwa haji na swali la kuchagua A, B, C au D. Ulizeni, hata wakicheka. Wewe wa Arua, leo chora GAG na GUG, pete zote na bondi zote, halafu unitumie picha. Pete zikikosewa nitakurudishia uchore upya.